Udongo wa Makutupora haujaulizwa

KUTOKA NYIKANI
Na Neema Chilongani

Ukishika barabara ya Kondoa kutoka Dodoma mjini, hukai sana garini kabla ya kufika Makutupora. Siyo ile ya Manyoni inayotajwa kila reli ya SGR inapozungumzwa. Hii ni yetu, ya visima na zabibu. Chini yake yako maji ambayo mji huu umeyanywa kwa miongo mingi, na juu yake kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI, ambacho kazi yake kubwa ni mzabibu. Maji na zabibu, vyote vimegharimiwa na serikali, na vyote vilitaka subira. Leo naviita viwe mashahidi wangu.

Nianze na visima. Tangu miaka ya 1950 watumishi wa maji wamekuwa wakipima kina cha maji pale Makutupora na kuandika. Ni kazi isiyokatiwa utepe na kiongozi yeyote. Mwaka 2013 takwimu hizo za miaka 55 zilichapishwa katika jarida la Nature Climate Change, zikaonyesha kwamba akiba yetu ya chini ya ardhi hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, mara nyingi ile ya El Niño. Mvua za kawaida huchangia kidogo sana. Mradi wa wafadhili wa miaka mitatu usingelipata jibu hilo hata siku moja. Ilibidi kuwe na mtu anayelipwa mshahara wa umma, mwaka baada ya mwaka, akapime.

Sasa njoo kwenye dawa, nako kunatakiwa subira hiyohiyo ya umma. Simama nusu saa katika duka lolote la dawa muhimu hapa Dodoma usikilize wateja wanavyoomba antibaiotiki. Mmoja anataka rangi mbili za mia tano, mwingine Azuma kwa ajili ya mafua, wa tatu anauliza kama kuna kitu kikali zaidi ya sipro maana UTI yake imekuwa sugu. Mfugaji anaondoka na chupa ya OTC ya mifugo, atachoma ng'ombe mwenyewe na maziwa atauza kesho asubuhi. Wizara imetuhubiria sana juu ya usugu wa vimelea dhidi ya dawa: maliza dozi, usinunue bila cheti, usimpe jirani vidonge vilivyobaki. Mahubiri ni ya kweli. Lakini hayatoshi, na ndipo ninapoachana na wenzangu wengi wanaoandika juu ya jambo hili.

Hayatoshi kwa sababu baadhi ya bakteria wameshatushinda. Katika utafiti uliofanyika Hospitali ya Muhimbili mwaka 2001 na 2002, kati ya watoto waliokutwa kwenye damu na bakteria wa kundi liitwalo gramu hasi, asilimia 43.5 walikufa. Kwa waliokuwa na malaria ilikuwa asilimia 20.2. Malaria tuna vyandarua, tuna dawa mseto, tuna siku yake na fulana zake. Duniani kote, mwaka 2019 peke yake, vifo milioni 1.27 vilisababishwa moja kwa moja na bakteria wasiosikia dawa. Mtoto wa namna hiyo humwambii amalize dozi. Anahitaji dawa nyingine, na dawa hiyo lazima mtu aitafute.

Nani ataitafuta? Kampuni kubwa nyingi zimeshajiondoa, na sababu inaeleweka. Dawa ya presha mgonjwa huimeza hadi kufa kwake, lakini antibaiotiki mpya madaktari huifungia kabatini makusudi ili isizoeleke, kisha humpa mgonjwa mmoja kwa siku saba. Biashara gani hiyo? Waulize Achaogen, kampuni ya Marekani iliyosaidiwa na fedha za serikali yao kutengeneza plazomicin. Kibali walikipata Juni 2018. Aprili 2019 wakaomba kufilisiwa. Dawa ilikuwa inafanya kazi, kampuni ndiyo iliyokufa. Uingereza iliposoma alama hizo ikaanza, mwaka 2022, kulipia antibaiotiki mbili mpya ada maalumu ya kila mwaka, ziwe zimetumika nyingi au chache. Kwa maneno mengine, mlango wa soko umefungwa na umebaki mfuko wa umma.

Atasema mtu: huo ni mfuko wa wakubwa, sisi tuna nini? Nitamjibu kwa habari ya shamba. Dawa ya kwanza iliyoweza kutibu kifua kikuu, streptomycin, haikuzaliwa hospitalini. Oktoba 1943 mwanafunzi wa miaka 23, Albert Schatz, aliipata katika maabara ya udongo ya chuo cha kilimo cha Rutgers, jimbo la New Jersey, chini ya profesa wake Selman Waksman, bingwa wa vijidudu vya ardhini. Vijidudu viwili ndivyo vilivyoitoa: kimoja kilitoka katika udongo wa shamba lililotiwa samadi, kingine kwenye koo la kuku. Samadi na kuku! Waksman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1952, Schatz hakupewa, lakini huo ni ugomvi wa siku nyingine.

Ninachotaka msomaji akione ni kwamba kituo kilichofanya hivyo kilikuwa ndugu wa kile cha Makutupora. Namna ya kuanza nayo haijabadilika sana: unachukua udongo, unauchanganya na maji yasiyo na vimelea, unaumwaga kwenye sahani ya maabara, unangoja siku kadhaa kuona ni kijidudu gani kimewafukuza wenzake na kujiachia uwanja mweupe pembeni. Vijidudu vya jamii ya Streptomyces, vilivyotupa sehemu kubwa ya antibaiotiki tunazozijua, huvumilia ukame kwa mbegu zao ngumu. Ukame hapa Ugogo tunao wa kutosha.

Ugumu uko mbele ya hapo, nisimdanganye mtu. Kuua bakteria kwenye sahani si kazi. Hata Jiki huwaua. Kiini kinatakiwa kichujwe, kijulikane umbo lake, kiue kwa kiasi kidogo, kisiharibu figo za mgonjwa, kifike kwenye damu. Teixobactin, iliyotangazwa mwaka 2015 kutoka udongo wa Maine nchini Marekani, mpaka leo haijafika dukani. Ndiyo maana sifurahii sana ripoti zetu za mitishamba zinazokomea kwenye sentensi kwamba magome ya mti fulani yameonyesha uwezo. Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili mizizi yake ni ya mwaka 1974, NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, nayo ina watu wake. Akili hazijapungua. Kinachopungua ni fedha za kuvuka kutoka sahani kwenda kwa panya, na kutoka kwa panya kwenda kwa mtu.

Badala yake tumekuwa hodari wa kujaribia dawa za wenzetu. Miaka ya 1970 wagonjwa wa Tanzania, Kenya na Uganda walishiriki majaribio yaliyothibitisha kwamba kifua kikuu kinaweza kutibiwa kwa miezi sita badala ya mwaka na nusu. Mpango wetu wa kifua kikuu, ulioanza 1977 kwa msaada wa mtaalamu Karel Styblo, Shirika la Afya Duniani liliuchukua ukawa kielelezo cha dunia. Na anayetoa udongo wake bure asitegemee shukrani: erythromycin ilitoka katika udongo wa Iloilo, Ufilipino, ambao daktari Abelardo Aguilar aliutuma kwa Eli Lilly mwaka 1949. Mgao hakuupata.

Kuna hoja moja ninayoiheshimu: kwamba shilingi ya afya iende kwanza kwenye maji safi, vyoo na sabuni za wauguzi, maana maambukizi yasiyotokea hayahitaji dawa. Kweli tupu, na visima vya Makutupora vimeokoa watu wengi kuliko duka lolote la dawa. Lakini hoja hiyo hutumiwa pia kuahirisha utafiti milele. Tangu Mpango wa Lagos wa 1980 nchi za Afrika zinaahidi asilimia 1 ya pato la taifa kwa sayansi. Na wafadhili wa nje wanaondoka: Julai 2025 Uingereza ilitangaza kuufunga Mfuko wa Fleming, uliokuwa ukisaidia maabara za nchi nyingi, yetu ikiwemo, kufuatilia usugu huu.

Bunge la bajeti huanza Aprili, hapahapa Dodoma. Waheshimiwa, tunaomba kifungu kimoja, kipitie COSTECH, tume yetu ya sayansi na teknolojia, kiwe cha miaka kumi na kisikatwe katikati, kiwaweke meza moja watu wa udongo wa TARI, wakemia wa Chuo Kikuu cha Dodoma, Muhimbili na NIMR. Na wewe msomaji, mbunge wako akija kusalimia, muulize kifungu hicho kiko ukurasa wa ngapi.