Bunduki ya Bei Nafuu kwa Mwana Aliyekua

Katika nchi ya Marekani, hasa katika majimbo yenye mashamba na misitu ya kuwinda, bunduki ya kwanza ya mtu aghalabu haitoki mfukoni mwake. Hupewa. Mzazi humpa mwanawe siku ya Krismasi, siku ya kuzaliwa, anapohitimu masomo au anapohamia nyumba yake mwenyewe. Na inayochaguliwa mara nyingi ni bunduki ndogo ya risasi ya .22, kwa kuwa bei yake ni nafuu, haimsukumi mpigaji begani, na risasi zake hupatikana kwa urahisi. Mila hiyo ina heshima yake. Baba aliyefundishwa na baba yake kulenga kopo tupu juu ya gogo huona kwamba anamkabidhi mwanawe kipande cha utoto wake mwenyewe, na si haki kumdharau kwa hilo.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kudhani kwamba jambo hili ni la watu wa mbali. Lakini familia nyingi za Wakongo waliopokelewa Marekani kama wakimbizi sasa zinaishi Kentucky, Iowa, Texas na kwingineko, na watoto waliofika wakiwa wadogo wamekuwa watu wazima wenye ajira, wenzi na watoto wao. Zawadi ya namna hii yaweza kufika nyumbani kwao kupitia kwa mkwe, jirani au mzazi aliyeiga desturi ya mahali. Wapo pia wauguzi na madaktari kutoka Afrika Mashariki wanaofanya kazi huko, na wazazi waliobaki nyumbani ambao huongea na wana wao kwa simu kila juma. Wote hao wana haki ya kujua ni nini hasa kinachofunguliwa pamoja na karatasi ya zawadi.

Risasi ya .22 iitwayo Long Rifle ilianza kuuzwa mwaka 1887. Fataki yake haikai katikati ya kitako cha ganda kama ilivyo kwa risasi kubwa. Imepakwa ndani ya ukingo wa ganda lenyewe, na nyundo hugonga ukingo huo. Utengenezaji wake ni wa gharama ndogo, ndiyo maana risasi ni rahisi, na bunduki zake nazo ni rahisi: Marlin Model 60 iliyotoka mwaka 1960, Ruger 10/22 iliyotoka mwaka 1964, pamoja na zile za Savage zinazokokiwa kwa mkono. Kwa dola 200 hadi 400 mzazi anaweza kuondoka dukani na zawadi yake. Mjadala wa wazazi huishia hapo hapo: ipi hulenga vyema, ipi haikwami, ipi ina kitako cha mbao kinachopendeza.

Kwa upande wa afya, katika mjadala huo kuna jambo moja lenye uzito. Bunduki inayojikoki yenyewe huacha risasi moja ndani ya chemba hata baada ya kisanduku cha risasi kuchomolewa. Mtu asiyezoea hukiona kisanduku mkononi mwake, akaamini kwamba bunduki ni tupu, na ajali hutokea hapo. Bunduki ya kukoki kwa mkono humlazimisha mpigaji kufungua chemba kila anapotaka kupiga tena, ingawa nayo huweza kubaki na risasi ndani ya chemba. Kwa mwana ambaye hajawahi kumiliki bunduki, hiyo ya pili ni chaguo bora, hata ikiwa mwenyewe angependa ile ya haraka.

Neno «ndogo» nalo limewadanganya wengi. Seneta Robert Kennedy aliuawa mwaka 1968 kwa bastola ya .22. Mwaka 1981 Rais Ronald Reagan alikaribia kufa kwa risasi ya kipimo hicho hicho. Risasi hiyo ikipigwa juu kidogo ya upeo wa macho huweza kusafiri zaidi ya kilomita moja. Daktari wa chumba cha dharura hana namna ya kumwambia mgonjwa kwamba amepigwa kwa risasi ya kuchezea.

Hata hivyo, hatari kubwa ya zawadi hii si ajali. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki nchini Marekani, na kati yao 26,328 walijitoa uhai wenyewe. Yaani zaidi ya nusu. Vyombo vya habari huonyesha mauaji ya halaiki na ujambazi, kwa hiyo mzazi anaponunua bunduki humwazia mgeni mwovu. Takwimu zinamwelekeza kumtazama yule yule anayepewa.

Na wakati wenyewe wa kutoa zawadi haupunguzi hatari hiyo. Mzazi hujiambia kwamba mwana amefikisha miaka 20 au 25, hatari za utoto zimekwisha. Tabibu wa afya ya akili anajua kwamba huo ndio umri ambao sonona nzito, ugonjwa wa hisia mseto na skizofrenia huanza kujitokeza kwa wengi. Ni umri wa uchumba unaovunjika, kazi ya kwanza inayopotea, madeni ya masomo na pombe inayonywewa bila mtu wa nyumbani kuona. Mwana amehama, mama hasikii tena kama analala au halali. Mtu aliyekuwa akichungwa na macho manne sasa hachungwi na yeyote, na ndipo bunduki inapoingia chumbani mwake.

Watafiti waliowahoji watu wa umri wa miaka 13 hadi 34 huko Houston, walionusurika baada ya majaribio mazito ya kujiua, walikuta kwamba karibu robo yao walichukua chini ya dakika tano kati ya kuamua na kutenda. Dakika tano! Ni muda wa kuchemsha chai. Katika muda kama huo, kilicho karibu na mkono ndicho kinachoamua mengi. Anayejaribu kwa bunduki hufa karibu mara tisa kati ya kumi. Njia nyingine nyingi humwachia mtu nafasi ya kujuta, kuita msaada na kufikishwa hospitalini. Na walio wengi kati ya wanaonusurika hawafi baadaye kwa kujiua.

Hapo ndipo hoja ya «aliyekusudia atapata njia nyingine» inapovunjika. Mwaka 2006 jeshi la Israel liliacha kuwaruhusu vijana wake kwenda na bunduki nyumbani mwishoni mwa wiki, na vifo vya kujiua miongoni mwao vikapungua kwa takriban asilimia 40. Vijana walikuwa wale wale, wenye huzuni zile zile. Sri Lanka nayo iliona vifo vya kujiua vikishuka sana baada ya kupiga marufuku viuatilifu vyenye sumu kali zaidi, jambo ambalo mhudumu wa afya wa vijijini Afrika Mashariki, aliyekwisha kupokea mgonjwa aliyekunywa dawa ya shamba, ataling'amua bila kuelezwa. Huko Marekani kwenyewe, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1992 katika New England Journal of Medicine, uliofanywa Tennessee na Washington, ulikuta kwamba hatari ya kujiua katika nyumba yenye bunduki ilikuwa karibu mara tano ya nyumba isiyo nayo.

Je, basi mzazi asitoe zawadi hiyo kabisa? Kwa wengine, ndiyo: asitoe. Mwana aliyewahi kujaribu kujidhuru, anayepita katika talaka, aliyetoka kufukuzwa kazi, anayelewa kila siku, apewe kitu kingine, na mzazi asione haya. Duka huangalia rekodi za serikali tu. Haliwezi kujua kwamba kijana amekoma kula tangu mwezi uliopita. Mzazi anajua. Kwa hiyo ujuzi wa mzazi ndio kichujio kizuri kuliko vyote vilivyopo, na inasikitisha kuona ukiwekwa kando wakati usiku mzima unatumika kulinganisha darubini za kulengea.

Kwa yule ambaye hali yake ni shwari, zawadi iwe kamili. Sheria ya Marekani ya mwaka 2005 humtaka muuzaji mwenye leseni atoe kifaa cha kufungia kila anapouza bastola; bunduki ndefu haikuingizwa humo. Mzazi mwenye dola 400 na anunue bunduki ya dola 200, kisha zilizobaki ziende kwenye kabati la chuma na kufuli. Wako watakaoona kwamba kabati halina mvuto chini ya mti wa Krismasi, na ni kweli halina. Lakini bunduki iliyofungwa bila risasi ndani, na risasi zikafungwa mahali pengine, ndiyo hali ambayo utafiti uliochapishwa katika jarida la JAMA mwaka 2005 uliihusisha na majeraha machache zaidi ya watoto na vijana nyumbani, ya kujidhuru na ya ajali. Mwana aliyekua huenda tayari ana mtoto anayetambaa. Na ufunguo usining'inizwe kwenye msumari uleule karibu na kabati, kama ambavyo wengi hufanya.

Masharti ya kisheria yatajwe kwa ufupi. Sheria ya shirikisho humruhusu mzazi kununua bunduki kwa fedha zake na kuitoa zawadi ya kweli. Haimruhusu kuchukua fedha za mwana na kumnunulia kwa jina lake mwenyewe. Aliye katika jimbo jingine hupokea kupitia kwa muuzaji mwenye leseni. Baadhi ya majimbo yana masharti makali zaidi ya umri na ya kukabidhiana. Familia za wageni ziangalie jambo moja ambalo wengi hawalijui: mtu aliye Marekani kwa viza ya muda, mwanafunzi kwa mfano, kwa kawaida haruhusiwi kuwa na bunduki wala risasi, isipokuwa kwa masharti maalumu kama vile kuwa na leseni ya uwindaji. Mjomba mkarimu anaweza kumtia mpwa wake matatani kwa zawadi moja.

Masikio na damu navyo visisahauliwe. Mlio wa bunduki ya .22 waweza kukaribia desibeli 140, kiasi cha kudhuru masikio yasiyozibwa, ingawa wapigaji huuona mdogo. Risasi zake nyingi ni za madini ya risasi yasiyofunikwa, na fataki zake nyingi zina madini hayo pia. Anayepiga ndani ya jengo lisilo na hewa ya kutosha huvuta vumbi hilo na kulipeleka nyumbani kwenye nguo. Mikono inawe kwa sabuni kabla ya kula, na nguo zivuliwe kabla ya kumbeba mtoto.

Kazi iliyobaki ni ya wahudumu wa afya, na wengi wao huikwepa kwa kudhani kwamba kuuliza habari za bunduki ni kuingilia siasa. Mwaka 2011 jimbo la Florida lilipitisha hata sheria ya kuwazuia madaktari kuuliza hivyo pasipo sababu ya kitabibu; mahakama ya rufani ya shirikisho iliiondoa sehemu hiyo mwaka 2017. Kuuliza ni halali, na ni sehemu ya matibabu kama kuuliza habari za pombe. Hata wauza bunduki wamelielewa hilo. Huko New Hampshire, baada ya watu watatu kununua bunduki katika duka moja mwaka 2009 na kujiua kila mmoja muda mfupi baadaye, ndani ya juma moja tu, wauzaji na watu wa afya walikaa pamoja wakaandaa mabango na mafunzo ya kumtambua mnunuzi aliye katika dhiki. Kama muuza bunduki anaweza kusimama na kumwangalia mteja usoni, muuguzi aliyesomea kazi hiyo hana udhuru.

Namna ya kuuliza ndiyo yenye kazi. Mzee wa Kikongo aliyekuja kliniki kupima shinikizo la damu hatajibu vizuri akiulizwa kama yuko polisi. Ataitikia akiambiwa: «Baba, kijana wetu anaendeleaje tangu ahame? Na ile bunduki mliyompa, siku hizi inalala wapi?» Katika swali hilo hamna lawama, na jibu lake humwonyesha muuguzi pa kuanzia. Ikiwa kijana yuko katika wakati mgumu, familia ielezwe kwamba namba 988 hupigwa saa zote nchini Marekani kwa msaada wa dharura ya akili, na kwamba wakati huo bunduki itoke nyumbani kwake, ikiwa sheria ya jimbo inaruhusu kuihifadhi kwa ndugu, au ikawekwe kwa muuzaji au kituo kinachokubali kuitunza.

Mzazi aliyetoa zawadi ndiye mwenye nafasi nzuri kuliko wote ya kuiomba irudi kwa muda. Hahitaji maneno mengi. Anaweza kufika jioni, akala na mwanawe, kisha akasema: «Mwanangu, niachie ile bunduki nikutunzie mpaka mambo yatulie, nitakurudishia mimi mwenyewe.» Kijana anaweza kukasirika, akasema yeye ni mtu mzima na kesho atanunua nyingine. Ni kweli, anaweza. Lakini hiyo ni kesho, na usiku huo bunduki italala kwa baba.