Jeshi la Bati na Plastiki

Katika mchezo wa vita vya kale, ambao huchezwa mezani kwa askari wadogo wasiozidi urefu wa kidole, imezuka kanuni mbaya. Yasemwa kuwa jeshi halina heshima mpaka askari wake wote wawe wa kitu kimoja: wa madini wakae na wa madini, wa plastiki wakae na wa plastiki, na mwenye kuwachanganya asiikaribie meza. Nimeisikia kanuni hiyo ikitolewa kwa sauti ya hukumu hapa Membley, mbele ya vijana wa sekondari waliokuwa wamelikusanya jeshi la Hannibal kwa miezi mingi, askari mmoja mmoja, wengine wa kupewa, wengine wa kununuliwa kwa akiba ya nauli. Waliambiwa kuwa jeshi lao ni jalala. Nasema kuwa hukumu hiyo ni ya uonevu, na juu ya uonevu ni ya kutojua historia.

Na tumtazame Hannibal mwenyewe. Mwaka 218 kabla ya Kristo alitoka Hispania, akaivuka milima ya Alps pamoja na ndovu wake, akateremkia Italia. (Mwanafunzi awekaye kundi la ndovu katika vita vya Cannae namsamehe, kwa kuwa ndovu hupendeza, lakini ajue kuwa karibu wote walikuwa wamekwisha kufa kabla ya vita hivyo.) Huko Cannae, mwaka 216, alikuwa na askari wa miguu wapatao 40,000 na wapanda farasi 10,000. Je, walikuwa sare? Polybius ameandika kwamba Walibya walibeba silaha za Kirumi, maana walivishwa ngawira iliyotekwa katika vita vilivyotangulia. Wahispania walivaa kanzu fupi zenye pindo za zambarau, na kando yao walisimama Wagauli vifua wazi. Panga za Wahispania zilichoma na kukata. Za Wagauli zilikata tu. Wanumidia waliwaendesha farasi wao bila ya hatamu. Jeshi hilo la viraka ndilo lililolizingira jeshi la Roma, lililolizidi sana kwa wingi, likaliangamiza kwa siku moja. Mtu adaiye kuwa jeshi hilo liwe la namna moja anamtaka Hannibal gani?

Mpinzani atajibu kuwa yeye hasemi habari ya mavazi, bali habari ya kitu ambacho askari ametengenezwa nacho. Basi na amsome Herodotus juu ya jeshi ambalo Xerxes, mfalme wa Waajemi, aliliongoza kwenda Ugiriki mwaka 480 kabla ya Kristo. Waajemi walivaa magamba ya chuma. Katika jeshi hilohilo walikuwamo watu kutoka kusini ya Misri, wamevaa ngozi za chui na simba, wakibeba mishale yenye ncha za jiwe na mikuki yenye ncha za pembe ya paa. Chuma, jiwe na pembe viliandamana katika njia moja chini ya mfalme mmoja, wala hatusikii kuwa mfalme aliwarudisha nyumbani watu wa pembe.

Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Pita penye kituo cha bodaboda wakati wateja ni haba, utawaona vijana wameuzunguka ubao wa dama. Kete zao ni vifuniko vya soda. Mmoja amevifunua vyake, mwenzake amevifunika. Kifuniko cha bati kikipotea, kifuniko cha plastiki cha chupa ya maji hushika zamu yake, na mchezo huendelea. Sijapata kumwona mchezaji aliyekataa kuliwa kete kwa sababu aliyemla alikuwa plastiki.

Nakubali kuwa zipo taabu za kweli katika kuchanganya, nami sitazificha. Ya kwanza ni kimo. Askari wa milimita 28 akisimama bega kwa bega na wa milimita 25, mmoja huonekana jitu na mwingine mtoto. Dawa yake ni kuwapanga katika vikosi mbalimbali, au kumwinua mfupi kwa kitako kinene kidogo. Uzito nao una shida yake, kwa maana wa plastiki hupeperuka meza ikitikiswa. Kipande bapa cha chuma chini ya kitako humtuliza. Gundi ndiyo huwashinda wengi. Gundi ya plastiki hufanya kazi kwa kuuyeyusha uso wa plastiki hata vipande viwili vikawa kimoja. Madini hayayeyuki kwayo, kwa hiyo ngao ya plastiki haitashika katika mkono wa bati mpaka utumie ile gundi kali iitwayo supagluu. Rangi haina ubaguzi. Ukitangulia kuwapaka wote rangi ya msingi moja, jicho lililo umbali wa hatua mbili halitambui nani ni nani.

Kinachobaki ni fahari ya fedha, na hiyo ndiyo mizizi ya kanuni yenyewe. Madini ni ghali, na mwenye nayo angependa ughali huo uhesabiwe kuwa ujuzi. Lakini askari wengi wa zamani walisubuwa kwa risasi iliyochanganywa na bati, na risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Anayewakwangua kwa tupa na avizuie vumbi visimfikie, na anawe mikono kabla ya kula. Sioni utukufu wa kuwafukuza wengine mezani kwa ajili ya kitu hicho.

Basi wanaoandika kanuni za michezo katika shule zetu na waifute hiyo. Waandike upana wa vitako, kwa kuwa huo huathiri safu na mapigano. Waandike kuwa kila kikosi kitambulikane ni cha nani na kina silaha gani. Habari ya bati na plastiki wamwachie mwenye jeshi.