Mkopo wa muda mfupi unapokuwa ghali kuliko wa muda mrefu

Ukimkopesha mtu mmoja kwa mwaka mmoja na mwengine kwa miaka kumi, ni yupi utamtoza zaidi? Wa miaka kumi, bila shaka. Mengi yatapita hapo katikati.

Soko la hatifungani nalo huenda hivyo siku za kawaida. Ukichora faida anayoitaka mkopeshaji kwa kufuata muda wa mkopo, mstari hupanda. Kuna nyakati mstari huo hupinduka, mkopo mfupi ukawa ghali kuliko mrefu.

Marekani ulipinduka Julai 2022, ukakaa hivyo hadi karibu Septemba 2024. Benki kuu yao ilikuwa imepandisha riba kupigana na mfumuko wa bei, na wawekezaji wakaamini itashuka mbele uchumi ukipoa. Kwa kuwa ulipinduka vilevile kabla ya msukosuko wa 2008, wengi walisubiri mdororo. Haukuja kipindi hicho.

Yetu sisi ilikuwa hadithi nyengine. Kenya ilikuwa na deni la dola bilioni 2 lililokopwa 2014, la kulipwa Juni 2024. Mwaka 2023, anayenunua hatifungani hizo sokoni alidai faida kubwa kuliko anayenunua zetu za kulipwa 2034. Riba iliyoandikwa, asilimia 6.875, haikubadilika. Kilichoanguka ni bei: waliokuwa nazo waliziuza kwa hasara, na anayenunua rahisi akilipwa kamili hupata zaidi. Hawakuwa wakitabiri uchumi kupoa, walikuwa wakiuliza Juni ikifika dola zitatoka wapi.

Mimi riba siigusi, na wasomaji wangu wengi najua ni hivyo hivyo. Lakini hofu ile ilitufikia majumbani. Januari 2024 dola ilipita shilingi 160, na mchele na mafuta ya kupikia yanayoshushwa bandarini hapa Mombasa hununuliwa kwa dola.

Februari serikali ilikopa dola bilioni 1.5 mpya, ikatumia kununua sehemu kubwa ya deni lile. Hofu ikapoa, na mwisho wa Machi dola ikawa karibu 131. Watu walishangilia shilingi, wachache wakauliza bei yake. Deni la asilimia 6.875 lilibadilishwa kwa deni la asilimia 9.75, lililopangwa kulipwa kwa mafungu matatu: 2029, 2030 na 2031. Mimi nitauangalia tena mstari ule 2028.