Kati ya Wangapi? Picha za Takwimu na Hofu Zinazoingia Kwenye Harusi Zetu



Leo tunaziacha kidogo shela na hina. Tunaandika kutoka Bukoba, kwenye chumba chetu cha ushonaji chenye cherehani nne na meza moja ya kukatia. Mwenzetu mmoja yuko Muleba anapokea oda za kule. Tunataka kuzungumza juu ya zile picha zinazoingia kwenye simu kila siku: namba kubwa katikati, vijichoro vya watu, rangi nyekundu, maneno mawili matatu. Wenye ofisi wanaziita infografia. Sisi tunaziita picha za takwimu. Mtu akikuletea ripoti ya kurasa mia huisomi. Akikuchorea picha moja utaiangalia, na utakuwa umeshaituma kwa wenzako kabla chai haijapoa. Kwa hiyo zina nguvu, na kitu chenye nguvu kikikosewa kinaumiza mtu.

Tarehe 21 Machi 2023, aliyekuwa Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza kwamba ugonjwa uliokuwa unaua watu Bukoba Vijijini ni Marburg. Tulikuwa tunaingia Ramadhani. Mezani kwetu kulikuwa na gauni la bi harusi wa Muleba, nikaha baada ya Idd, na mume mtarajiwa ni mtu wa Unguja. Siku mbili hazikupita, ikaingia picha kwenye grupu la familia ya mume. Ramani ya Kagera imepakwa nyekundu yote, fuvu pembeni, na chini yake namba moja: 88%. Hakuna jina la aliyechora, hakuna tarehe, hakuna neno lingine.

Mama mkwe mtarajiwa alituma ujumbe wa sauti, na bi harusi akaja kutusikilizisha huku analia. Mama wa watu hakuwa na ubaya, sauti yenyewe ilikuwa inatetemeka. "Mwanangu, kama huko kati ya watu mia wanakufa themanini na nane, mimi nitamleta vipi mwanangu? Na wewe utakuja kwetu na nini?" Hilo swali la pili ndilo lililomuumiza binti. Alianza kuonekana yeye mwenyewe ndiye maradhi.

Namba ile haikuwa ya kutunga, na hapo ndipo pagumu. Shirika la Afya Duniani husema kwamba katika milipuko ya Marburg iliyopita, vifo vimekuwa kati ya asilimia 24 na asilimia 88 ya waliougua. Wa waliougua, dada zetu, si wa wakazi wa mkoa. Mchoraji alichukua namba ya juu kabisa, akaacha ile ya chini, kisha akayaondoa maneno mawili, "ya waliougua". Neno la uongo hakuandika hata moja.

Tukachukua karatasi ya kaki ya kukatia, tukachora watu wanane, kwa sababu siku ile ya tangazo wagonjwa walikuwa wanane. Tukapaka rangi watano, ndio waliokuwa wamefariki. Halafu tukatafuta namna ya kuwaonyesha wakazi wa mkoa mzima, ambao Sensa ya 2022 iliwahesabu 2,989,299. Karatasi haitoshi. Mwenzetu akavua futikamba shingoni akasema, tuseme kila mtu ni milimita moja. Basi wagonjwa wanane hawafiki hata sentimita moja, upana wa ukucha. Futikamba nzima ya sentimita 150 ni watu 1,500. Ili kuwaenea watu wa Kagera ungehitaji futikamba karibu elfu mbili, uziunge moja baada ya nyingine, karibu kilomita tatu. Tukapiga picha ile karatasi na futikamba juu yake, bi harusi akamtumia mama mkwe.

Tungependa kusema aliiona akabadilika palepale. Haikuwa hivyo. Alijibu kesho yake, akatukumbusha mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba tauni ikiwa mahali usiingie, na ukiwa ndani usitoke kwa kuikimbia. Hapo hatukuwa na la kubisha, na kwa kweli kusubiri ilikuwa sawa. Tulichotaka kimuondoke ni wazo kwamba anaoa kwenye makaburi. Na hilo liliondoka, maana ujumbe wake uliofuata alimuuliza binti kama anafuturu vizuri. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni 2023, jumla wagonjwa 9 na waliofariki 6, Mwenyezi Mungu awarehemu. Nikaha ikapita baada ya hapo. Gauni tulilibana kiunoni sentimita tatu, kwa jinsi mtoto alivyokonda kwa mawazo.

Lakini siku zilezile tuliona picha zikifanya kazi njema pia. Kulikuwa na mabango ya michoro: bomba na sabuni, mkono usioshika maiti, namba 199 ya kupiga bure. Jirani yetu mmoja ni mama mtu mzima ambaye kwa miaka mingi anaosha maiti wa kike mtaani. Kusoma kunampa tabu, miwani yake yenyewe ina kioo kimoja kilichopasuka. Ule mchoro wa mkono na maiti aliuangalia mara moja tu akaelewa kwamba unamhusu yeye. Marburg hupita kwa majimaji ya mwili, na mwili wa aliyefariki bado unaambukiza. Akatuuliza swali ambalo bango halikulijibu: "Sasa Muislamu azikwe hivihivi bila josho?" Jibu lipo. Mwongozo wa mazishi salama ambao Shirika la Afya Duniani liliutoa mwaka 2014, wakati wa Ebola Afrika Magharibi, umeeleza hatua za maiti wa Kiislamu, pamoja na tayammum badala ya maji. Picha ya namna hiyo sisi hatukuiona imebandikwa mahali popote tulipopita. Ugonjwa uliporudi tena mkoani kwetu, Biharamulo, Januari 2025, tukamkumbuka yule mama na swali lake.

Mtasema mafundi cherehani wanajua nini juu ya takwimu. Jamani, sisi kazi yetu yote ni mchoro wenye namba! Kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Ukikosea mstari mmoja kwenye karatasi, lesi ya watu imeharibika na utailipa.

Na tumekosea kweli. Kuna mwaka tulichora bango la bei pale dukani. Gauni la shanga lilikuwa bei mara mbili ya gauni la lesi ya kawaida. Tukachora magauni mawili, la shanga tukalifanya refu mara mbili. Likaonekana limekonda kama mshumaa, basi tukalipanua nalo mara mbili ili lipendeze. Wateja wakawa wanaangalia bango wanakimbia. Mmoja akatuambia, "Hilo si gauni, hilo ni bei ya nyumba." Ilituchukua wiki kugundua. Ukiongeza urefu mara mbili na upana mara mbili, kitambaa kinachokwenda ni mara nne. Macho ya mteja hayasomi namba iliyoandikwa chini, yanapima kitambaa. Namba yetu ilisema mara mbili, mchoro wetu ukasema mara nne, na mchoro ndio ulioshinda. Siku hizi tukitaka kuonyesha mara mbili tunachora magauni mawili yanayolingana, basi.

Sasa tuje kwenye picha ambayo hasa ndiyo imetufanya tuandike. Mnaijua. Mwanaume mmoja katikati, wanawake saba wamemzunguka, na maneno kwamba huo ndio uwiano Tanzania. Nyingine zinasema kumi. Inazunguka kwenye magrupu ya mabibi harusi kuliko hata picha za mapambo. Mteja mmoja kutoka kisiwa cha Bumbire alikuja kupimwa huku amenyong'onyea. Tukamuuliza kama ana homa. Akasema hana raha na mtu mwenyewe, kuna mambo ameyaona, ila amekubali tu. "Dada zangu, mmoja kwa saba, nikimwacha huyu nitampata wapi mwingine?"

Fikirieni. Binti anajifunga maisha yake kwa mchoro usio na mwenyewe.

Sensa ya Watu na Makazi iliyofanyika usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Wanawake 31,687,990, wanaume 30,053,130. Yaani asilimia 51 kwa asilimia 49. Ukichora wanawake mia, panga mbele yao wanaume tisini na watano. Hao saba kwa mmoja wametoka wapi? Kuna wanaoleta hadithi ya alama za Kiyama, kwamba wanawake watazidi sana. Hatubishani na hadithi, Mungu atuepushe. Hadithi inazungumzia yatakayokuja, sensa inazungumzia waliohesabiwa usiku ule. Kuvichanganya viwili hivyo ili kumtisha msichana ni dhulma.

Tusiwe nasi waongo kwa upande mwingine. Hiyo 95 kwa 100 ni ya watu wote, kuanzia mtoto mchanga hadi bibi. Watoto wa kiume duniani huzaliwa wengi kidogo kuliko wa kike, na wanawake huishi miaka mingi zaidi, kwa hiyo wanawake wanazidi sana kwenye rika la bibi zetu. Na namba haikwambii nani anaswali, nani anafanya kazi, nani hanywi. Kama mtu mwema ni mgumu kupatikana, hilo tunakubali, tuliseme hivyohivyo. Tusilivalishe shela ya sensa.

Bi harusi wa Bumbire tulimchorea watu mia na watu tisini na watano kwenye kaki, akaikunja akaiweka kwenye pochi. Hakurudi kuchukua gauni. Arubuni yake tumemrudishia kupitia kaka yake, na kitambaa bado tunacho.

Wanaotengeneza hizi picha kwenye ofisi na mashirika, tunawaomba sana mchore kwa ajili ya simu ndogo yenye kioo kilichopasuka. Kiswahili kiwe cha watu. Na yale maneno "kati ya" yaandikwe makubwa kama namba yenyewe. Mfano mzuri tunao. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa 2015-16 ulitoa vifo vya uzazi 556 katika vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukatoa 104. Bi harusi ukimsomea hivyo atakuitikia tu. Mwekee futikamba. Zamani ilikuwa mama mmoja, milimita moja, katika kila sentimita 18. Sasa ni milimita moja katika sentimita 96. Haogopi kupita kiasi na hapuuzi, maana ile milimita moja ni mama wa mtu.

Tusidhani kuchora namba ni mambo ya wanaume wenye kompyuta. Muuguzi Muingereza Florence Nightingale alichora mchoro wake maarufu mwaka 1858, akaonyesha kwamba vitani Crimea askari wengi zaidi walikufa kwa maradhi ambayo usafi ungeyazuia, kuliko kwa majeraha. Alijua wakubwa hawatasoma majedwali yake, akawachorea.

Sisi kwenye grupu letu la wateja tumeweka sharti moja, ambalo halitoki mbali na amri ya Suratul Hujurat, aya ya 6, ya kuhakiki habari kwanza. Ukituma picha ya takwimu bila aliyehesabu na lini, tunakujibu maneno matatu tu: kati ya wangapi? Wengine wamekasirika, wawili wametoka kwenye grupu. Yule mama mkwe wa Unguja sasa ni mjumbe humo. Juzi ametuma picha moja kwamba ndoa nyingi zinavunjika mwaka wa kwanza, na chini yake akaandika mwenyewe: "Mafundi, kati ya wangapi?" Bado tunatafuta.