Megawati Haziwashi Taa

Kila mradi mpya wa umeme unapotangazwa Burundi, namba inayotajwa kwanza ni megawati. Nyuma ya namba hiyo kuna imani waliyonayo viongozi, wafadhili na hata raia wa kawaida: tupate mtambo mkubwa, mwanga utafika majumbani wenyewe. Imani hiyo si ya kweli, na wanaoilipia ni wanaokaa gizani.

Tazama njia ya kutoka Muyinga kwenda Gitega. Kwenye maporomoko ya Rusumo katika mto Kagera, nchi za Burundi, Rwanda na Tanzania zimejenga kwa pamoja kituo cha megawati 80. Fungu letu ni theluthi moja, karibu megawati 27. Laini ya kilovolti 220 imevutwa kutoka huko, ikapita Muyinga hadi Gitega. Gitega yenyewe ina mtambo wa jua wa Mubuga, megawati 7.5, uliozinduliwa Oktoba 2021. Kwa nchi ndogo kama yetu, hayo ni mafanikio ya kujivunia. Hata hivyo, kati ya Warundi kumi, mwenye umeme ni kama mmoja tu, na vijijini hali ni mbaya zaidi. Nguzo kubwa za chuma zinapita juu ya mashamba ya watu wanaowasha koroboi jioni.

Sababu haina fumbo. Umeme wa kilovolti 220 hauingii nyumbani kwa mtu. Lazima upoozwe kituoni, usafirishwe kwa laini za msongo wa kati, ufike kwenye transfoma ya mtaa, ushuke kwa nguzo za mbao, kisha uvutwe kwa waya hadi kwenye mita. Kila hatua ina gharama yake. Mtambo mkubwa hupata mkopo, mkandarasi na sherehe ya uzinduzi. Hatua ya mwisho, ile ya waya na mita, mara nyingi huachiwa mwenye nyumba, naye ni mkulima anayesubiri pesa ya kahawa mara moja kwa mwaka.

Wapo wanaosema kwamba bahati yetu mbaya ni kukosa bahari, kwamba wenzetu wenye pwani watasimamisha mitambo ya upepo majini na kutuacha nyuma. Basi tuwaulize waliojaribu. Ujerumani ilimaliza kusimamisha mitambo 30 ya upepo ya Riffgat, katika Bahari ya Kaskazini, mwaka 2013. Kebo ya kuiunganisha na nchi kavu ilichelewa kwa sababu sakafu ya bahari ilikuwa na mabomu ya vita vya zamani. Kwa miezi kadhaa mitambo hiyo ilizungushwa kwa jenereta za dizeli ili isiharibike. Vietnam nayo, Mei 2023, ilipitisha mpango wa kupata megawati 6,000 za upepo wa baharini ifikapo 2030. Majira hayohayo wakazi wa kaskazini ya nchi hiyo walikuwa kwenye mgao mkali, huku maeneo ya kati na kusini yakiwa na umeme wa jua ambao laini zilizokuwepo hazikuweza kuupeleka kaskazini wote.

Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Kenya ilikamilisha mitambo 365 ya upepo kando ya Ziwa Turkana mwaka 2017, yenye uwezo wa megawati 310. Upepo ulivuma, lakini laini ya kwenda Suswa, zaidi ya kilomita 400, haikuwa tayari hadi Septemba 2018. Kenya hiyohiyo ilitupa pia somo la pili, lenye matumaini zaidi. Mwaka 2015 ilianzisha mpango wa kuunganisha nyumba zilizo karibu na transfoma, ikapunguza ada kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000 na kuruhusu kulipa kidogo kidogo. Tanzania nayo ina Wakala wa Nishati Vijijini, ambao kazi yake ni kupeleka umeme vijijini, na ada ya kuunganishwa huko iliwekwa shilingi 27,000. Katika nchi zote mbili, mamilioni ya watu walipata umeme kwa sababu kuna aliyeweka hesabu ya nyumba mezani.

Wapinzani wa hoja hii watauliza: bila megawati, waya zitabeba nini? Ni swali la haki. Burundi ina uhaba wa kweli wa umeme, na sipingi Rusumo, Mubuga wala mabwawa ya Jiji na Mulembwe. Lakini deni la mtambo hulipwa na wanaonunua umeme. Wateja wakiwa wachache, mzigo wote unawaelemea hao wachache, shirika la umeme la REGIDESO linakosa fedha za transfoma na nguzo, na asiyeunganishwa anabaki hivyo. Kujenga mtambo bila kujenga wateja ni kujitia katika deni la kudumu.

Kinachotakiwa kinajulikana. Kila mkataba wa mtambo mpya utaje, kwa namba na kwa tarehe, nyumba, shule, zahanati na mashine za kusaga zitakazounganishwa katika maeneo ambayo laini inapita. Fedha za kazi hiyo ziwe ndani ya mkopo uleule. Ada ya kuunganishwa ilipwe kwa awamu zinazofuata msimu wa mavuno. Vilima vilivyo mbali na laini vipewe mitambo midogo ya jua bila kungoja gridi. Wakala wa umeme vijijini, ABER, upo kwa kazi hiyo, na mradi wa Soleil-Nyakiriza, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, umekwisha kuonyesha njia. Wakazi wa Muyinga ambao laini inapita juu ya vichwa vyao wawe wa kwanza kuhudumiwa.

Na waandishi wenzangu, siku ya uzinduzi unaofuata, waziri akitaja megawati, tusiandike namba hiyo peke yake. Tumuulize papo hapo nyumba ngapi zitawaka, katika vilima gani, na lini, kisha turudi kuhesabu.