Majilio: Tutayarishe Nyumba Kabla ya Sikukuu



Hapa Kasingirima, kama ilivyo Ujiji nzima, ukifika Desemba mazungumzo ni vitenge, viatu vya watoto na bei ya mchele. Hatuyakatai hayo. Lakini tukianza na kununua tu, sikukuu hutukuta tumechoka na tuna madeni, na Januari inabisha hodi sare na madaftari havijapatikana. Kanisa letu la Anglikana limetuwekea Jumapili nne za Majilio, kuanzia ile iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, ili tujitayarishe pole pole.

Majilio maana yake ni kuja. Tunakumbuka alivyokuja Bwana akiwa Mtoto kule Bethlehemu, na tunamngoja atakaporudi kuhukumu. Ndiyo sababu kanisani rangi ni zambarau, rangi ya toba, kisha Krismasi tunaona nyeupe. Sala ya siku ya Jumapili ya kwanza imo tangu Kitabu cha Sala cha mwaka 1549. Inaomba neema ya kuliacha giza na kuivaa nuru, na kitabu cha mwaka 1662 kinaagiza isaliwe kila siku mpaka mkesha wa Krismasi. Ni sala fupi. Mama anaweza kuisali na watoto kabla ya kulala, hata kama baba yuko ziwani na taa zake akivua dagaa.

Wengine huwasha mshumaa mmoja zaidi kila Jumapili. Desturi hii ilianzishwa na Johann Hinrich Wichern huko Hamburg, Ujerumani, mwaka 1839, kwa ajili ya watoto maskini aliowalea. Hakuna haja ya kununua pambo la dukani: chukua sinia, tia mchanga wa ziwani, simika mishumaa minne, zungushia majani mabichi. Iwekwe mbali na pazia na chandarua, na izimwe kabla ya kulala. Sisi wauguzi tunayajua maumivu ya mtoto aliyeungua.

Tena tukumbuke kwamba Majilio ni habari ya mama mjamzito aliye safarini. Mtaani kwetu yuko mwenzetu anayehesabu siku zake. Tumuulize: nauli ya kwenda hospitali imewekwa? Kanga safi zipo? Nani atamsindikiza usiku wa mvua, na nani atabaki na watoto? Akitokwa na damu, akiumwa kichwa sana, macho yakiona ukungu, akivimba uso na mikono, au mtoto akiacha kucheza tumboni, aende saa ile ile. Wapo akina mama wanaovumilia dalili hizi kwa sababu pilau haijaiva na wageni wako njiani. Mama mpendwa, pilau itapikwa na mwingine. Maisha yako na ya mtoto hayangoji sikukuu ipite.

Krismasi yetu ina historia ya ukombozi pia. Njia ya misafara ya watumwa ilianzia hapa Ujiji, ikapita Tabora mpaka pwani. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi mwaka huo huo likawekwa pale jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Anglikana. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877. Mahali binadamu alipopigwa bei, Mtoto wa Bethlehemu akaimbiwa. Basi sahani ya sikukuu ivuke ua kwa jirani, Mwislamu kwa Mkristo, kama wao wanavyotukumbuka siku ya Idi.

Wala sikukuu haiishi tarehe 25. Inaendelea siku kumi na mbili, hadi Epifania, tarehe 6 Januari. Tarehe 28 Desemba tunawakumbuka watoto waliouawa na Herode. Siku hiyo tutoe kadi za kliniki za wanetu tuone ni chanjo gani imesalia, kisha tuwaombee watoto wote wasio na wa kuwatetea.

Tunawatakia Majilio ya matayarisho mema na Krismasi yenye amani nyumbani mwenu. Amina.