Miaka 50 ya stesheni za bondeni

Julai 14, 1976, mjini Kapiri Mposhi, China iliikabidhi rasmi reli ya TAZARA kwa Tanzania na Zambia. Mwaka huu reli hiyo ya kilomita 1,860 inatimiza nusu karne, na sifa nyingi zitakwenda kwa Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda. Wanazistahili. Rhodesia ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilibanwa upande wa kusini na shaba yake ikakosa njia ya uhakika ya kufika baharini. Benki ya Dunia ilikwisha kusema kwamba reli ya kwenda Dar es Salaam haitalipa. China ikatoa mkopo usio na riba, na kazi ikaanza 1970.

Tunaungana na wote wanaosherehekea. Ila pongezi zetu za kwanza ni kwa stesheni za Bonde la Kilombero: Mang'ula, Ifakara, Mbingu, Mngeta, Chita na Mlimba. Hakuna aliyeijenga reli hii kwa ajili ya ndizi na mpunga, lakini ndizi na mpunga ndivyo vilivyozipa stesheni hizi uhai. Wakati wa vijiji vya ujamaa, watu wengi walihamishiwa kando ya njia, na moja ya sababu ilikuwa wapate kuilinda. Wakabaki, wakafyeka, wakalima. Barabara ya Ifakara hadi Mlimba kwa miaka mingi imekuwa ya udongo, na masika yakiikata, kilichobaki ni treni. Mgonjwa wa kupelekwa hospitali, mwanafunzi anayerudi shule, maiti anayesafirishwa kwao akazikwe, gunia la mchele: wote njia yao ilikuwa hiyo hiyo.

Treni ya kawaida ikisimama Mlimba, kabla magurudumu hayajatulia, akina mama wameshafika madirishani na mabeseni kichwani. Mkungu unapandishwa kwa mikono miwili, aliye ndani anaupokea, bei bado wanavutana, noti inashuka, chenji inatafutwa kwenye fundo la khanga huku filimbi inalia. Ndizi za bondeni zinapanda Makambako. Viazi na maharage ya nyanda za juu vinashuka. Biashara hii imesomesha watoto na kuezeka nyumba kwa bati.

Mwinuko huo wa Mlimba hadi Makambako ndio uliowatoa wajenzi jasho kuliko sehemu nyingine yoyote. Mahandaki mengi ya reli nzima yako hapo, na daraja la Mto Mpanga limesimama juu ya nguzo za karibu mita 50. Watu walikufa katika kazi ile, Waafrika na Wachina. Makaburi ya baadhi ya Wachina hao yako Gongo la Mboto, Dar es Salaam, na tunawaomba viongozi wasiyapite siku ya sherehe.

Reli iliyosanifiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka ilishuka hadi chini ya tani 100,000 mwaka 2014/15. Injini zilipungua, na abiria walizoea kulala stesheni wakiisubiri treni ya jana. Septemba 2025 ulisainiwa mkataba wa miaka 30 na kampuni ya China ya CCECC, wenye uwekezaji wa dola bilioni 1.4. Tunaufurahia kwa moyo wote. Wasiwasi wetu ni mmoja. Mizigo ya migodini ndiyo inayolipa vizuri, na mwenye kuhesabu faida ataona kusimama Mbingu ni kupoteza muda. Serikali mbili zinazoimiliki reli hii zisikubali hesabu hiyo. Treni ya abiria inayosimama stesheni ndogo iandikiwe nafasi yake kwenye ratiba mpya, ipite mchana, na isimame muda wa kutosha mama mwenye mikungu mitatu kupakia yote.